Nyumba ya Mawe Nayo Huvaa

Fungua jarida lolote la mapambo ya nyumba lenye picha za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja na utakutana na chumba kilekile. Kuta za chokaa nyeupe pe, boriti za mikoko darini, kitanda cha mbao nyeusi kimesimama peke yake, mito miwili myeupe juu yake, sakafu tupu inang'aa. Maelezo chini ya picha yatasema huu ndio mtindo wa Kiswahili wa karne ya 18. Nathubutu kusema sio. Hilo ni gofu lililopakwa chokaa upya na kuingizwa kitanda.

Nawaelewa wanaopamba hivyo. Jiwe hudumu, nguo huoza. Katika pwani yetu yenye chumvi hewani, mchwa sakafuni na ukungu masika yote, kipande cha pamba kinachoachwa chumbani hakimalizi hata kizazi kimoja. Kwa hiyo mtu anayenunua nyumba ya kale anarithi kuta, vidaka, milango ya nakshi na labda kiti cha enzi, halafu anaamini alichorithi ndicho chote kilichokuwapo. Hapo ndipo mtindo wa “utulivu mweupe” ulipozaliwa, na sasa umeuzwa kwenye hoteli nyingi mno hata wenyeji wenyewe wanaanza kuuamini.

Ushahidi uko palepale ukutani. Watafiti waliochimbua Gedi, na wale waliokagua nyumba za Songo Mnara huko Kilwa, walikuta kwenye kuta safu za matundu ya vigingi, wakaeleza kuwa vilikuwa vya kutundikia nguo au mazulia. Hizi ni nyumba za kabla ya karne ya 17. Mtu hatoboi matumbawe, akapigilia vigingi safu nzima, kwa ajili ya kanzu moja.

Ushahidi wa pili uko kwenye ushairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, akitazama magofu ya Pate na kukumbuka fahari yake. Wengi tumesoma tenzi hizo shuleni tukashughulika na mawaidha yake, tukaruka samani. Lakini mshairi yule ni shahidi makini sana wa mambo ya ndani ya nyumba. Anataja vidaka vyenye sahani. Anataja vitanda vilivyochaguliwa vizuri, magodoro juu yake, na mito ya kijani upande huu na huu wa kitanda, iliyotiwa nakshi kwa uzi. Anataja mapazia yaliyotandazwa juu ya malazi na marashi yaliyonyunyizwa. Mito ni ya kijani! Sijaona hoteli hata moja ya “mtindo wa Pate” iliyothubutu kuweka mto wa kijani.

Wa tatu ni Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anaeleza vyumba vya kwao: sakafu imefunikwa zulia la Uajemi au mikeka laini, kuta zimegawanywa kwa vidaka vyenye rafu za rangi ya kijani, juu yake vyombo vya kioo na kaure vimepangwa kwa ulinganifu. Kuna vioo vikubwa kutoka Ulaya na saa za kila namna. Kitanda ni cha mbao ya thamani, kimechongwa India, kirefu kwenda juu, na kimezungushiwa kitambaa chembamba cha melimeli. Hapana nafasi tupu. Mwenye jarida la leo angeingia chumba hicho angemwita mtu aje apunguze vitu.

Nguo ilifanya kazi ya mlango

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya ujenzi. Nyumba ya Lamu ya karne ya 18 inakwenda kwa hatua kutoka hadharani hadi faraghani. Unaanzia dakani, unaingia tekani, unatokea kwenye kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana wa kwanza, msana wa pili, ndipo ufike ndani, chumba cha mwenye nyumba wa kike. Upana wa kila chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haivuki sana mita tatu kabla ya kuanza kupinda. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba.

Sasa tazama misana. Imeungana, inapokea mwanga na hewa kutoka kiwandani, haina milango ya kuitenga kama vyumba vya nyumba za leo. Vitanda viliwekwa kwenye miisho ya chumba, na kilichotenganisha aliyelala na aliyeketi kilikuwa pazia. Ukiondoa pazia, umeondoa mlango. Mpambaji anayeacha msana mtupu ili “upumue” ameacha watu walale hadharani, halafu anashangaa wageni wake wanapoomba chumba cha ghorofani chenye kitasa.

Nguo pia ilizuia mwangwi. Chokaa iliyosuguliwa inarudisha sauti. Chumba kitupu cha mawe kinapiga kelele mtoto mmoja akilia. Mikeka, mazulia, mito na mapazia yalimeza sauti hiyo. Hili ukilijaribu kwa saa moja unalijua, huhitaji kitabu.

Chagua mwaka kwanza

Kosa la pili ni la wale wanaopenda nguo lakini hawaulizi ni ya lini. Unaingia nyumba iliyotangazwa kuwa ya mwaka 1780, unakuta makochi yote yamevishwa kanga. Kanga ni nzuri, na mimi ni mpenzi wake, lakini mwaka 1780 hapakuwa na kanga popote duniani. Anayetaka kupamba kwa mtindo wa zamani sharti aamue zamani ipi, kwa kuwa kila kizazi cha pwani kilivaa, na kuvisha nyumba zake, kile ambacho merikebu za wakati huo zilishusha.

Tuseme umechagua Pate au Lamu ya karne ya 18. Huko nguo zilitoka pande mbili. Kubwa ni India, hasa Gujarati: pamba nyeupe za bafta, melimeli, nguo za nili, nguo za mistari, na hariri. Upande wa pili ni vitanda vya kufumia vya pwani yenyewe, habari ambayo wengi hawaijui. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa mjini humo na kupelekwa hadi Misri. Kilwa, wachimbuaji walikuta vigurudumu vingi vya pia za kusokotea uzi, vingine vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala waliolima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi, walichukua nguo za rangi kutoka Khambhat, huko Gujarati, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Fikiria saa ngapi hizo. Na Wareno hao hao wa karne ya 16, padri Monclaro akiwamo, walizitaja nguo za hariri za Pate kuwa bidhaa iliyotafutwa na wafanyabiashara wa pwani nzima.

Kwa chumba cha namna hiyo, basi, unataka nyeupe ya pamba nyembamba kwa pazia la kitanda, nili kwa wingi, mistari iliyofumwa wala si iliyochapwa, na rangi kali chache za hariri mahali pa heshima, yaani mito na kitambaa cha kitandani. Nguo ya kitanda cha mkono haizidi upana ambao mikono ya mfumaji inaweza kurushiana mpeto wa uzi, kwa hiyo vitambaa vikubwa vya zamani huwa na mshono katikati. Fundi wako akiona aibu kuunga, mwambie mshono ule ndio unaotoa umri. Chini weka mikeka ya ukili, iliyosukwa kwa miyaa iliyotiwa rangi na kushonwa ukanda kwa ukanda. Hiyo nayo ni kazi ya nguo, tofauti ni kwamba uzi wake ni jani, na hadi leo wanawake wa Pemba na Unguja wanaisuka vizuri kuliko kiwanda chochote.

Merikani

Ukichagua Unguja ya mwaka 1860, mambo yanageuka kabisa, na hapa inabidi nikae kidogo, kwa kuwa ndipo chumba cha pwani na historia ya viwanda vya nguo duniani vinapokutana.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, baba yake Salme, aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani. Miaka minne baadaye konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, bandari ya Massachusetts, na wenzake wa Salem walikuwa tayari wanaijua njia. Walikuja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Walicholeta zaidi ya kingine chochote kilikuwa pamba isiyopaushwa, nzito, ya rangi ya maziwa yaliyochacha kidogo, iliyofumwa kwa mashine kwenye viwanda vya New England. Watu wakaiita merikani.

Ilishinda kwa ubora. Nguo nyingi za Uingereza za bei hiyo zilijazwa wanga na udongo ili zionekane nzito. Ukizifua mara moja zinabaki chujio. Merikani ilipofuliwa ilizidi kuwa laini na haikulegea. Ikaenea kutoka forodhani Unguja hadi Tabora na Ujiji, ikapimwa kwa mkono: shuka ni mikono minne, doti mikono minane, na jora ni kipande kizima kisichokatwa, majora yakifungwa marobota yaliyobebwa na wapagazi. Ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Ushuru wa njia ulilipwa kwa doti, mshahara ulilipwa kwa doti. Soko likawa kubwa kiasi cha kuwafanya wenye viwanda wa upande wa pili wa dunia wasikilize Waswahili wanataka nini, uzito gani, upana gani. Salem yenyewe ilipojengewa kiwanda kikubwa cha mvuke cha Naumkeag katika miaka ya 1840, pwani yetu ilikuwa mmoja wa wateja wake.

Na biashara haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York. Ndani yake, pamoja na tende, kahawa, karafuu na pembe, kulikuwa na mazulia ya Uajemi. Kwa hiyo kuna uwezekano kwamba sebule ya tajiri mmoja wa New York ilipambwa na zulia lililoshushwa na mabaharia wa Unguja, wakati uleule mwenye nyumba wa Unguja alipokuwa akiangalia saa ya Marekani ukutani. Anayesema utandawazi ni jambo la juzi hajasoma orodha ya mizigo ya Sultana.

Kisha vita. Kati ya 1861 na 1865 Wamarekani walipopigana wao kwa wao, pamba ya Kusini ilikatika, viwanda vya Kaskazini vikakosa malighafi, na merikani ikapanda bei na kuadimika. Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kusokota na kufuma pamba kwa mvuke kilianzishwa mwaka 1854, ilijifunza kuiga nguo ileile, na kufikia mwisho wa karne ilikuwa imelichukua soko. Watu waliendelea kuiita merikani hata iliposhuka kutoka India.

Pia kulikuwa na kaniki, pamba iliyotiwa nili nzito hadi ikakaribia weusi, iliyotoka India, hasa Kachi. Chumba cha mwaka 1860 kina merikani nyingi mahali usipoitazama: ganda la godoro la sufi, bitana la pazia, mfuko wa mto ndani ya foronya ya hariri. Juu yake ndipo anasa inaanza, yaani melimeli, atlasi na mahameli. Ukinunua vya juu ukasahau vya ndani, mto wako utakaa vibaya na hutajua kwa nini.

Hapa lazima niseme jambo ambalo majarida hayalisemi. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa Alabama na Georgia. Karafuu zilizoinunua zilichumwa na watumwa wa Unguja na Pemba. Pembe zilizopakiwa kwenye merikebu za Salem zilifika pwani mara nyingi pamoja na misafara ya watumwa. Na chumba alichokieleza Salme kwa mapenzi yale hakikujipanga chenyewe. Vidaka vilipanguswa, mazulia yakapigwa, pazia la kitanda likafungwa na kufunguliwa na wajakazi, ambao wao walivaa kaniki na merikani, basi. Anayepamba nyumba yake kwa mtindo wa mwaka 1860 anarudisha chumba cha mtu mmoja katika nyumba ya watu thelathini. Simkatazi mtu. Ila kama ana kidaka cha ziada, kipande cha kaniki kilichokunjwa vizuri kina haki ya kukaa humo pamoja na sahani ya kaure.

Kanga inapoingia

Ndiyo sababu napendelea chumba cha tatu, Mombasa au Unguja ya mwaka 1910 hivi. Hakuna jarida linalokishughulikia. Hakina ukale wa kutosha kwa wapenda magofu na si cha kisasa kwa wapenda saruji.

Kanga ilizaliwa katika miaka ya 1870 na 1880, wanawake wa pwani waliponunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakaziunga ziwe nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza ichapwe hivyo tangu mwanzo. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake zilijulikana kwa maneno “Mali ya Abdulla”, lilianza mwaka 1887. Michoro ilichapwa Uholanzi na Uingereza, baadaye Japani, baadaye India. Majina ya mwanzo, yaani maneno ya kwenye kanga, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliotoka kwenye kaniki walikwenda moja kwa moja kwenye kanga. Walikuwa wananunua rangi, na zaidi ya rangi walikuwa wananunua haki ya kuonekana kama mwenye mji wake. Kwa hiyo kanga iliyotundikwa kwenye chumba cha mwaka 1910 haiko pale kupendeza tu. Kwa mara ya kwanza nguo ya mapambo ilikuwa ndani ya uwezo wa mwenye chumba kimoja Ng'ambo ya Unguja, na cherahani ya Singer ilikuwa imeshafika kumsaidia kuikunja pindo.

Chumba hicho unakipamba kwa fedha kidogo. Kitanda cha besera, yaani chenye nguzo nne za kushikilia chandarua. Pazia la mlangoni la kitambaa chembamba, fupi kidogo ili hewa ipite chini. Kanga kwenye sanduku la nguo, kanga ukutani nyuma ya kitanda, pindo zote nne zikionekana na jina likisomeka. Usimruhusu fundi akate mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, uwe katikati ya mto na kulitupa jina, maana atakuwa amekuachia kitambaa cha maua tu. Chumba cha bibi harusi hadi leo, katika nyumba nyingi za pwani, kinapambwa kwa nguo hadi ukutani, na hiyo ni kumbukumbu hai ya vigingi vya Songo Mnara kuliko hoteli zote nyeupe zikijumlishwa.

Niongeze hili hapo hapo. Tunawacheka mama zetu kwa vitambaa vya kufuma wanavyotandika kwenye mgongo wa kochi, juu ya redio, juu ya friji, hata juu ya kitambaa kingine. Kwa maoni yangu wao ndio warithi halali wa mtindo wa pwani. Wanajua kwamba kitu cha thamani ndani ya nyumba hakiachwi uchi.

Unanunua wapi leo?

Hapa ndipo ugumu ulipo. Chokaa unapata, mafundi wa nakshi unapata. Nguo sahihi ndiyo shida, na shida hiyo haikutokana na mapambo, imetokana na viwanda.

Afrika Mashariki iliwahi kujifumia. Urafiki ilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza ilikuwa na Mwatex, Musoma Mutex, Kisumu Kicomi, Eldoret Rivatex. Waliozitumia kanga za Urafiki bado wanazisifu kwa uzito wa pamba yake. Kisha soko lilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, mitambo ikachakaa, umeme ukawa wa kubahatisha, na kufikia miaka ya 1990 vingi vya viwanda hivyo vilikuwa vimefungwa au vinajikongoja. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa. Lakini mkulima wa Simiyu bado anaona sehemu kubwa ya pamba yake ikisafirishwa nje ikiwa nyuzi mbichi, halafu anauziwa shuka ya poliesta. Vikoi vingi vinavyouzwa kwa watalii kama kazi ya Lamu vimefumwa kwa mashine India. Hata kanga sasa inakuja yenye mchanganyiko, na mnunuzi analijua hilo baada ya kuifua.

Poliesta haifai kwenye nyumba ya mawe, na sisemi hivyo kwa majivuno. Inang'aa mahali ambapo chokaa haing'ai, haimezi jasho, na haining'inii, inasimama. Pazia la pamba linajua kuanguka.

Merikani, bahati nzuri, ipo. Wauza vitambaa wengi wa Kariakoo na wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, wanayo au wanajua aliye nayo, kwa jina lilelile au la marekani. Ni rahisi kwa bei kuliko karibu chochote kilichoko dukani, na ndiyo nguo sahihi kabisa ya karne ya 19. Ifue mara mbili kwa maji ya moto kabla ya kukata, kwa maana itasinyaa. Pima pazia lako mara mbili ya upana wa mlango. Kwa kitanda, kabla ya kukimbilia chandarua cheupe cha duara kinachoning'inia kwenye ndoano moja, tengeneza fremu ya pembe nne. Kile cha duara hakijawahi kuwa cha pwani. Ukitaka usalama wa dawa, tundika chandarua chenye dawa kwa ndani na melimeli kwa nje. Vile vya nyuzi za plastiki vinavyotengenezwa Arusha vinafanya kazi yake vizuri, na hakuna atakayeviona.

Jihadhari na ukuta. Ukuta wa matumbawe hupumua na kutoa chumvi, hasa uliowahi kupigwa plasta ya saruji ambayo ilifungia unyevu ndani. Nguo iliyogandamana nao itaota madoa ya ukungu masika ya kwanza. Toa nafasi ya vidole viwili kati ya nguo na ukuta kwa kutumia ufito juu ya vigingi. Nadhani ndio maana vigingi vile vya kale vilichomoza. Toa mazulia na mikeka juani, lakini nguo za rangi zianike kivulini. Nili ya kweli inavumilia mwanga kuliko rangi nyingi, ila inachujuka kwa kusuguliwa, kwa hiyo iweke kwenye pazia na sio kwenye kochi.

Kimebaki kile ambacho hakuna duka linalouza, nacho ni mito ile ya kijani ya Pate. Hariri utaipata kwa wauza sari. Sufi ya kujazia bado inauzwa sokoni, na mafundi magodoro wanaijua. Kazi ya uzi ndiyo adimu, lakini mikono haijapotea. Lamu, Unguja na Mombasa bado kuna wanaoshona kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, kofia moja ikichukua wiki kadhaa hadi miezi. Mkono unaoweza kuzungusha nakshi isiyo na kosa kwenye kofia unaweza kuipitisha kwenye ncha za mto. Mpelekee kitambaa, mchoro na mto wenyewe ili auone unene wake, kubalianeni bei kwa kazi na si kwa siku, mlipe nusu mbele, na harusi au Idi zikikaribia usimpigie simu. Ana kofia za watu.